Mtungi Usiocheka

Elektroni ni kama Wazaramo kwenye ngoma ya mdundiko. Mimi ni Mzaramo, kwa hiyo nina kibali cha kusema. Zinatolewa kundi zima, kila moja na haraka zake, zinasukumwa ndani ya bomba refu lisilo na hewa mpaka zinaukaribia mwendo wa mwanga, halafu zinapitishwa katikati ya sumaku zilizopangwa kaskazini kusini, kusini kaskazini, mstari mrefu ambao mwisho wake huuoni. Hapo ndipo zinapoanza kukata viuno. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mwanzoni kila moja inacheza lake, na mwanga zinaoutoa ni vurugu tupu, kama ngoma inayopashwa moto kabla ya shughuli. Lakini mwanga ule nao unasafiri pamoja nazo. Unazigusa mabegani. Wewe punguza, wewe ongeza. Kidogo kidogo zinajipanga safu kwa safu, zikifuata mdundo zilioupiga zenyewe, mpaka mwisho wa sumaku zinapiga kigelegele kimoja, zote kwa pamoja.

Kigelegele hicho ndicho leza yetu ya eksirei.

Hivyo ndivyo nilivyoelezwa siku yangu ya kwanza kazini na Dokta Nyamizi Kasele, mkuu wa chumba cha kusomea vyungu. Alipomaliza aliniangalia kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema, "Tofauti ni moja tu. Elektroni zikifika mwisho wa safari, zinafanya kazi."

Hakucheka. Huyu mwanamke hacheki. Ni Mnyamwezi, na mimi na yeye tukawa watani kabla sijaonyeshwa choo kilipo.

Kwa asiyejua: zamani babu zake walitembea na mizigo kichwani kutoka huku bara mpaka pwani kwetu, babu zangu wakawapokea na kuwacheka nyayo. Tangu hapo ni utani. Mtani anakutukana mbele za wakwe. Anakuja msibani kwako anakamata kuku wa matanga, analala ndani ya kaburi akidai ni chumba alichopanga, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umewaaibisha hadi waliokufa.

Siku moja walikuja wageni wakubwa kuukagua mtambo. Mmoja akaninyooshea kidole, akauliza huyu binti anafanya nini hapa.

"Nani, Sikudhani?" Dokta akajibu, uso mkavu kama muhogo wa juani. "Mchukueni. Simtaki. Nilipewa bure, na cha bure ndicho hiki mnachokiona."

Yule mgeni alinivuta pembeni, akaniuliza kwa huruma kama ningependa kupeleka malalamiko. Nikamwambia ndiyo, nalalamika, mbona hamnichukui?

*

Mtambo wenyewe watu wa Sikonge wanauita Kimulimuli. Umelala ndani ya jabali, chini ya miombo, na juu yake kuna mizinga ya nyuki ya wenyeji ambayo hakuna mhandisi aliyethubutu kuihamisha. Ukishuka na lifti asubuhi, mvumo wa nyuki unakusindikiza kidogo, unapotea, halafu unapokelewa na mvumo wa pampu. Kuna sehemu katikati ya kushuka ambapo huwezi kujua unasikia upi. Mimi hapo hufumba macho. Najiona kama niko ndani ya koo la mtu anayetaka kusema kitu.

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza vyungu.

Mfinyanzi anapolainisha udongo mbichi, sauti iliyo karibu inautikisa, na visahani vya udongo, vidogo kuliko kidogo chochote unachokijua, vinajipanga kwa mtikisiko ule. Moto ukishachoma, vimeganda hivyo milele. Sauti imo. Kuitoa ndiyo shughuli. Chombo kinasagwa unga, unga unachanganywa na maji, maji yanatiririshwa kwa uzi mwembamba mbele ya mwali wa leza, na kila chembe inapigwa na mwako mmoja wa eksirei. Mwako huo unadumu femtosekunde chache. Muda gani huo? Chukua sekunde moja uiweke mbele ya miaka milioni thelathini. Hivyo ndivyo femtosekunde inavyojiona mbele ya sekunde.

Lazima uwe mfupi hivyo, maana mwali una nguvu ya kuua. Chembe inasambaratika kwa mwako uleule unaoipiga picha, ila picha inatangulia. Chembe inakuwa imeshasema kabla haijajua kwamba imekufa. Halafu kompyuta inapanga picha hizo, mamilioni kwa mamilioni, na unasikia.

Na chombo ndiyo basi tena. Makumbusho ya nchi nzima siku hizi yamebaki na rafu na vibandiko. Bwana mmoja alituletea chungu cha bibi yake, chungu cha ukoo mzima, akasikia bibi anafukuza mbuzi. Alilia kwa furaha, akaondoka na mbuzi wake ndani ya simu na mikono mitupu. Mimi nililisha unga wa chungu kile kwa mikono hii. Sikuwaza sana. Mpaka Dokta Nyamizi alipoleta mtungi wake.

*

Ulikuwa umefungwa kwenye khanga. Mtungi wa maji, mwekundu wa kuiva, na kwenye tumbo lake umezungukwa na mstari wa alama za kidole gumba, moja baada ya nyingine, kama mtu alikuwa anahesabu kitu akasahau kuacha.

"Wa mama," akasema Dokta.

Mama yake, Kalunde, alikuwa mfinyanzi. Alifariki siku aliyomzaa. Mtungi ule aliufinyanga mimba ikiwa kubwa, na ndio wa mwisho. Vilivyobaki vyake duniani vilikuwa viwili: mtungi, na picha moja ambayo amegeuza uso kwa sababu kuna mtu alimwita.

"Na mzee amekubali?"

Baba yake, mzee Kasele, alikuwa akinywa maji ya mtungi ule tangu alipomzika mkewe. Alipouombwa aliumwaga maji, akauosha, akaufunga yeye mwenyewe. Akauliza tu, "Sasa mwanangu, mimi nitanywea nini?" Dokta akamnunulia friji. Mzee akalipokea kwa heshima, akaweka viatu ndani.

"Nataka kujua sauti yake," Dokta aliniambia, na kwa mara ya kwanza hakunitukana mwishoni. "Nimesikiliza mabibi wa watu wote wa nchi hii, Sikudhani. Wangu sijui hata kama alikuwa na sauti nene."

Tukaanza asubuhi ileile. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake. Yeye upande wa msumeno na kinu, nyuma ya kioo. Mimi upande wa bomba la maji, na vipokea sauti masikioni, maana anayelisha ndiye anayesikia kwanza. Lazima mtu athibitishe kwamba ni sauti na si kelele za pampu, ndipo aifungulie kwa mwenyewe.

Wafinyanzi wa kwao huanza na mdomo wa mtungi, wakaugeuza, wakamalizia na kitako. Kwa hiyo ukiukata kuanzia juu, unasikia mambo kwa mpangilio wake. Pete ya kwanza, mdomo. Nikalisha. Kwenye skrini chembe zikaanza kuwaka, moja moja, kisha mvua, kisha sikuweza tena kusema kama zinawaka au mimi ndiye ninayepepesa.

Nikasikia mkono. Kiganja kilicholowa kinapapasa udongo, shaaa, kinarudi, shaaa. Na pumzi. Basi.

Nikamfungulia. Akasikiliza amefumba macho, midomo imeachama kidogo kama mtoto anayenyweshwa.

Shingo ya mtungi, hivyohivyo. Mkono na pumzi.

"Hawaongei," akasema kupitia kipaza sauti. "Kwetu mfinyanzi haongei juu ya udongo mbichi. Neno la mtu wa ukoo likiwa na ufa, mtungi nao utapasuka motoni. Ni mwiko."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Nilidhani kila mtu akiwa peke yake huvunja mwiko."

Akakata bega la mtungi.

Nikalisha. Shaaa. Shaaa. Nilikuwa nusu nimeshalala, kichwa kinaelea pamoja na unga, nikaota kwamba mimi ndiye ninayepapaswa. Halafu mlango ukagonga ukutani, na ndani ya masikio yangu akaingia mtu wa kwetu.

Nilimjua kabla hajamaliza neno la pili. Ile namna ya kuvuta maneno kama mtu anayevuta kiti akae. Mwanamke wa Kizaramo, mtu mzima, na sauti ya kuzoea kuamrisha wanaoumwa.

"Fundi! Huo wa mikononi naona. Na huo mwingine wa tumboni unauchoma lini? Ukiiva nauchukua mimi, nakwambia. Nampeleka Kisarawe akanibebee mihogo. Kwani si kubeba ndiyo kazi yenu?"

Mwiko unamfunga mtu wa ukoo. Mtani hafungwi mdomo na yeyote. Nilitabasamu peke yangu kama chizi.

Mkono ukaendelea kupapasa. Shaaa. Kisha, karibu sana, karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kusema nami, sauti nyembamba, kavu, ikajibu kwa Kiswahili:

"Mchukue. Simtaki."

Bega likaisha.

*

"Kuna kitu?" Dokta akauliza kutoka nyuma ya kioo.

Ningesema nini? Mimi ni Mzaramo. Ninajua utani ulivyo, na damu yangu yote ilisema huu ni utani. Lakini sauti ile haikuwa na hata chembe ya kicheko. Nami nimekulia uswahilini, nimewasikia wanawake wenye mimba kubwa, juani, migongo inawauma, wakisema maneno hayohayo wakimaanisha. Huyu alikufa baada ya hapo. Hakupata nafasi ya kubadili kauli.

Miaka yote Dokta aliishi na mama asiyesema kitu. Mimi ndiye nimkabidhi mama anayesema hilo?

"Bado," nikasema.

"Mkono tu?"

"Mkono tu."

Akatikisa kichwa, akaushika mtungi kwa mikono miwili. Sasa ulikuwa hauna mdomo, hauna shingo, hauna bega. Akaugeuza taratibu chini ya msumeno mpaka ule mstari wa alama za gumba ukawa sawasawa na meno yake. Nikaona anachotaka kufanya, nikaona pia kwamba anakifanya kwa sababu yangu. Uongo wangu ulikuwa umeshaanza kusaga. Angekata tumbo kutafuta sauti ambayo ipo tayari, hapa, kwenye vidole vyangu. Na mimi ningeendelea kusema bado, bado, mpaka kitako, ili nimlinde. Na mwisho angebaki na chupa ya maji machafu na mtani mwenye huruma.

Msumeno ukaanza kulia.

"Zima!" Nilipiga kioo kwa kiganja. "Dokta, zima! Nimekudanganya!"

Akazima. Hakuja kunikaripia. Alisimama palepale, vumbi jekundu kwenye nyusi, akasema taratibu, "Fungulia."

Nikafungulia. Sikuweza kumwangalia, nikaangalia skrini, chembe za bega zikiwaka na kufa upya kama nyota za mtu mwingine.

"Rudia."

Nikarudia.

"Sauti nyembamba," akasema. "Sikutegemea." Kisha akawasha msumeno.

"Dokta!"

"Alicheka," akasema, juu ya mlio. "Baada ya pale lazima alicheka. Kipo kwenye tumbo. Nakitaka."

"Na kama hakipo?"

Akausogeza mtungi karibu na msumeno.

"Kama hakipo, mtungi umekwisha na neno ndilo limebaki. Hilo tu. Halina pa kukaa."

Akauzima tena. Akaja mpaka kwenye kioo, uso kwa uso na mimi. Nilimwona akitafuta tusi la kunipa, akalikosa.

"Huyo ni wa kwenu," akasema. "Niambie, Sikudhani. Walikuwa wanataniana?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na ningelisema kwa sauti nzuri. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja asubuhi ile, na ile ya kwanza ilikuwa karibu iumalize mtungi.

"Naamini hivyo," nikasema. "Kujua, sijui."

Akauangalia mtungi. Akaufunga kwenye khanga, kama alivyoufunga mzee.

"Basi twende kwa anayejua alikuwa anacheka vipi."

*

Mzee Kasele tulimkuta nje ya nyumba, anageuza michembe ya viazi vitamu juani. Dokta akapiga goti kumwamkia. Mzee akaupokea mzigo kwanza kabla ya salamu, akaufungua, akauona ulivyo. Akapitisha kidole kwenye ukingo mpya uliokatwa. Aliingia ndani, akarudi na ndoo, akamimina maji, na mtungi usio na shingo ukayashika yote, hata tone halikuvuja.

"Ni huyu ndiye Mzaramo wako?" akauliza.

"Ndiye, baba."

"Mwembamba. Hawali huko kwao?"

"Tunakula, mzee," nikasema. "Ila sisi hatukaushi chakula kwanza mpaka kife."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyekagua pasi akaona ni halali.

Dokta akamwambia kwamba sauti imepatikana. Akamwonya kwamba si nzuri. Mzee akaketi, ungo wa michembe mapajani, naye akamwekea simu sikioni, na mimi nikaangalia miti, maana kuna nyuso ambazo mgeni hapaswi kuziona.

Nilisikia mlango. Nilisikia mihogo ya Kisarawe. Nilisikia simtaki.

Mzee Kasele akaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea kumshika. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka michembe ikamponyoka mapajani, anafuta macho kwa kitambaa cha shati.

"Tausi!" akasema. "Tausi mkunga! Yule mwanamke! Aliondoka hapa mbio akidhani amemuudhi. Kesho yake karudi na nazi mbili za kuomba radhi. Kalunde akazipokea nazi, akaziweka ndani, akatoka, akamwuliza, 'Na mtoto je, ndiyo humtaki tena?'"

"Na hapo akacheka?" Dokta akauliza upesi. "Mama. Alicheka?"

"Nani, Kalunde?" Mzee akamwangalia kwa mshangao. "Kalunde alikuwa akitania hata jino hulioni. Ndiyo maana watani walikuwa wanamwogopa. Ungeusaga wote huu mpaka kitako, mwanangu, ungepata mkono. Mkono tu."

Nyuki walikuwa wanapita juu yetu kuelekea mizingani. Nikawaza ule unga mwekundu ambao tungeuruhusu upite wote, mamilioni ya miako, kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwekwa mle.

Dokta alikuwa bado amepiga goti. "Baba. Ni kweli, au unanifariji?"

Mzee hakuchukia. Akausogeza mtungi kwa miguu yake, taratibu, mpaka ukafika mbele ya binti yake, maji yakicheza ndani.

"Nusu ipo," akasema. "Kama unataka, kasage uone."

Kimya kikawa kirefu, kizito, kama kile cha shingo ya mtungi, nami nikajua hawa wawili ni watu wa ukoo mmoja, watakaa nacho mpaka jua lizame. Mwenye ruhusa ya kukivunja ni mmoja tu.

"Mzee," nikasema, "mimi hapa nina haraka. Nimetumwa na Bi Tausi. Nimekuja kumchukua yule mtoto."

Mzee Kasele akanigeukia. Uso mkavu. Hata jino sikuliona.

"Kamwambie kachelewa," akasema. "Tumeshamzoea."

Dokta Nyamizi alimkazia macho baba yake midomoni. Alitazama muda mrefu, kama tunavyotazama skrini pale chini, akisubiri pembe ya mdomo ipande hata kidogo. Haikupanda.

Akanyoosha mkono bila kuangalia, akachukua kikombe cha bati, akakichovya mtungini mwa mama yake, akanywa.